Mkono wa Mtu wa Mawe

Huku kwetu mtoto akiokota mawe akayapanga moja juu ya lingine, mama yake humwambia ayabomoe kabla hawajaondoka mahali hapo. Wala si ukali. Kesho atapita mtu asiyewajua, atayaona, na atafanya yale anayoambiwa na mawe. Mawe mawili yamebebana, maana yake nyama imefichwa hapa. Mawe yenye tundu katikati, maana yake chungulia, utaona kambi. Na mtu wa mawe mwenye mkono mmoja, yaani jiwe refu limelazwa likatokeza upande, huyo anasema: vuka huku, ni salama. Huyo wa mwisho ndiye aliyemkosesha Napatsi usingizi mwaka ule walipokuja wapimaji wa ramani.

Napatsi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Tulugak. Jina hilo lilikuwa la babu yake, baba mzazi wa Napatsi, aliyefariki majira yale yale ya baridi binti alipozaliwa. Na kwetu jina likiingia, mtu naye ameingia. Kwa hiyo Napatsi alimwita binti yake "baba". Binti naye, tangu alipojua kusema, alimwita mama yake "binti yangu". Na Kautak, mume wa Napatsi, ambaye mzee akiwa hai alikuwa anamwogopa kama dubu, alimwita mtoto aliyemzaa mwenyewe "baba mkwe", na kila akimwita hivyo alicheka. Kidogo tu, asije mzee akasikia.

Mtoto wa namna hiyo hagombezwi. Nani amgombeze baba yake? Alipokuwa mdogo akavunja birika, Napatsi aliokota vipande kimya kimya. Alipoacha shule akasema anataka kukaa porini na kuwinda, Napatsi alimshonea viatu vipya vya ngozi ya sili wa baharini. Na kusema kweli hakuharibika. Alikua mwanamke mpole, mcheshi, mwenye mikono inayojua kazi. Kupanga mawe ndiko alikokupenda kuliko yote. Hakufundishwa na mtu, maana aliyekuwa fundi wa mawe katika nchi hii yote alikuwa ni huyo babu, naye alishalala chini. Binti alikwenda akayatazama mawe ya mzee kwenye vilima, akayazunguka, akayapapasa, akarudi akapanga kama yeye. Watu walipoona walisema, "Mnashangaa nini? Ni yeye mwenyewe."

Basi siku za mwisho za theluji wakaja wapimaji na helikopta yao na mahema ya rangi ya chungwa. Mkubwa wao aliitwa Dolan, mtu wa kusini, mrefu, ndevu zimejaa barafu kila saa kwa sababu hakukubali kuzinyoa. Alikuwa mtu wa heshima. Alipita nyumba kwa nyumba akaeleza kazi yao: kwenye kila kilima kirefu wanagongelea kisahani cha shaba mwambani, juu yake wanasimamisha mnara wa mawe uonekane kwa mbali, kisha wanakwenda kilima cha pili na darubini ya kupimia, wanautazama ule mnara, wanaandika. Hivyo hivyo kilima kwa kilima mpaka nchi yote imeingia kwenye karatasi. Alikunjua ramani moja mezani kwa Napatsi. Mistari ilizunguka vilima kama alama za kidole gumba.

"Natafuta mtu anayejua kupanga mawe yasianguke na upepo," alisema Dolan.

Kautak akamtazama binti yake, akacheka kidogo. "Umefika mlango wenyewe. Mchukue baba mkwe wangu."

Dolan akageuka huku na huku akimtafuta mzee chumbani. Tulugak akavaa koti lake.

Baada ya kama wiki mbili helikopta ilimrudisha nyumbani kupumzika. Uso ulikuwa umeungua na jua la theluji, umebaki mweupe pale miwani ilipokaa tu. Napatsi alikuwa amechemsha nyama ya kulungu na kukaanga mkate. Walikaa chini wote watatu, Kautak kwenye godoro lake kwa sababu mgongo ulikuwa umemshika tangu alipobeba injini ya boti, wakala.

"Binti yangu," Tulugak alimwambia mama yake, mdomo umejaa, "laiti ungekiona nilichosimamisha kule Kilima cha Mkia. Dolan anataka rundo tu, kama mavi ya dubu. Nikasema, mimi sipangi mavi."

"Sema tena hivyo mbele ya mchungaji," alisema Kautak.

"Nikapanga mtu kamili. Miguu, kifua, kichwa." Alichukua vipande vya mkate akaanza kuvipanga mbele yao, kimoja juu ya kingine. "Nikaona hajakamilika. Nikatafuta jiwe refu, nikalitafuta mpaka rubani akaanza kunung'unika. Nikalipata. Nikampa mkono." Akalaza kipande kirefu cha mkate, kikatokeza upande. "Kama yule wa kwenye mto. Wa kwangu wa zamani."

Wa kwake wa zamani, yaani wa babu. Kautak alipiga makofi. Napatsi alitazama ule mkono wa mkate.

"Baba," aliuliza polepole, "mkono umeelekea wapi?"

"Kilima cha pili, kile wanachopima baadaye. Ili mwenye darubini ajue pa kutazama."

Napatsi akakifuata kile kipande cha mkate kwa mawazo. Kilima cha Mkia anakijua. Alipita hapo utotoni nyuma ya sleji ya baba yake, gari la kuburutwa juu ya theluji, mwaka baada ya mwaka. Kutoka pale ukielekeza mkono kwenye kilima cha pili, mkono unapita juu ya shingo ya ziwa, pale ziwa linapobanwa na nchi kavu pande mbili na maji chini yanakimbia. Barafu ya hapo juu ni nyeupe na nzuri kama ya kwingine. Chini inaliwa. Baba yake hakuvuka hapo hata siku moja baada ya ndege wadogo weupe kurudi, joto linapoanza. Alizunguka mpaka kichwa cha ziwa, nusu siku nzima, watoto wakilia njaa, na akipita mkabala na ile shingo alikuwa hata kuzungumza hazungumzi.

Ulimi wa Napatsi ulikuwa tayari. Alitaka kusema: umekosea, mkono ule ni uongo, kautoe. Akamwona binti yake anatabasamu na uso ulioungua. Akamwona baba yake. Akasema, "Kula nyama, itapoa."

Alijipa moyo. Nani anapita kule siku hizi? Watu wote wanapita baharini, juu ya barafu ya pwani, njia fupi. Na wiki chache tu ziwa litafunguka, wapimaji wataondoka, hapo atatafuta namna ya kulisema taratibu. Alipokuwa akiosha vyombo alijiambia hivyo, na alipokuwa akikunja nguo alijiambia tena. Jambo la kweli mtu hajiambii mara mbili.

Asubuhi ukungu wa bahari ulikuwa umelala juu ya kijiji, hata nyumba ya jirani haionekani. Napatsi akawasha redio ya kuitana na vijiji vingine. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Ulayu, aliyeolewa kijiji cha mashariki, na walikuwa wakisalimiana kila asubuhi. Safari hii akajibu mama mkwe wa Ulayu, bibi mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mdogo wako hayupo! Wametoka jana. Yeye na Joanasi na mtoto mgongoni. Wanakuja kwako wakuonyeshe mtoto!"

"Wametoka? Barafu ya pwani si imepasuka? Jana walisema redioni imepasuka pale kwenye rasi!"

"Ndiyo maana wamepita bara. Joanasi alikuwa na wasiwasi, hajawahi kupita. Ulayu akamwambia, 'Unaogopa nini, nchi yote ile imejaa mawe ya baba yangu, tutasoma tu.' Unamjua mdogo wako kwa ubishi. Mpikie chai, watafika leo hii!"

Napatsi akaiweka ile redio chini ingali inaongea. Ulayu alichukuliwa mdogo sana kupelekwa shule ya bweni kusini. Aliporudi, baba yao alikuwa mzee, hasafiri tena. Kwa hiyo Ulayu alijua mkono wa baba yake ukiwa kwenye jiwe, anautambua popote. Njia za baba yake hakuzijua. Hakuzungushwa kichwa cha ziwa akilia njaa.

Tulugak alikuwa bado amelala. Napatsi akasimama juu yake. Alijaribu kwanza kwa adabu, kama mtu anavyomwendea mzazi.

"Baba, naomba nikuambie kitu kidogo, usikasirike. Yule mtu wako wa mawe... pengine mkono wake... kuna watu pengine wanaweza kudhani..."

"Mmh," alisema Tulugak ndani ya blanketi. "Baadaye, binti yangu. Nimechoka."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Napatsi. Akavuta blanketi lote likaanguka sakafuni.

"Amka wewe mtoto! Amka unisikilize! Umesimamisha uongo juu ya kilima, na mama yako mdogo anakuja kuufuata na mtoto mgongoni!"

Kautak alisahau mgongo wake akakaa wima. Katika nyumba ile sauti hiyo haikuwahi kusikika. Tulugak alikaa kitandani macho yamemtoka, nywele zimesimama, mwanamke mzima, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema, "Mama?"

Napatsi akamweleza. Shingo ya ziwa, maji ya chini, ndege weupe, kichwa cha ziwa. Alipofika kwa Ulayu na njia ya bara, Tulugak alikuwa ameshavaa suruali na anatafuta viatu.

Walikimbilia kwanza kwenye mahema ya wapimaji. Dolan aliposikia hakuuliza maswali ya bure. Alitoka nje, akautazama ukungu, akamwita rubani, rubani akatikisa kichwa. Helikopta ingegonga kilima cha kwanza.

"Bara kunaweza kuwa kweupe," alisema Dolan, "lakini kutoka hapa hatuwezi kuruka. Chukueni mafuta yangu. Chukueni hema na mablanketi." Aliwafungia yeye mwenyewe kwenye sleji, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia asimamishe."

"Ulimwambia asimamishe rundo," alisema Napatsi. "Twende!"

Wakaenda kwa pikipiki ya theluji, Tulugak anaendesha, Napatsi nyuma amemshika kiuno, bunduki mgongoni. Baada ya mgongo wa pili wa vilima ukungu ulikatika kama pazia, jua likawapiga machoni, na nchi yote ikawa wazi, nyeupe na madoa ya mawe meusi pale theluji ilipoondoka. Njia ya kwenda Kilima cha Mkia ilikuwa ya kupanda. Theluji ilikuwa tepetepe, pikipiki ikazama mara kwa mara, wakashuka wakaisukuma, wakapanda, wakashuka tena. Mwisho wakaiacha wakapanda kwa miguu.

Mtu wa mawe alikuwa amesimama kileleni. Napatsi akamtazama. Hakika alikuwa mzuri. Mabega ya baba yake, kichwa kimeinama kidogo kama baba yake alivyokuwa akiwainamisha watu wake wote wa mawe. Na mkono mrefu, umenyooka, unaelekeza chini kwenye shingo ya ziwa bila shaka yoyote.

"Wale pale!" alisema Tulugak.

Ng'ambo ya ziwa, mbali, doa jeusi lilikuwa linateremka ufukweni. Pikipiki moja na sleji nyuma. Halikuwa linaelekea kichwa cha ziwa. Lilikuwa limegeuka, linakuja moja kwa moja kwenye shingo.

Napatsi akapiga bunduki hewani. Akapiga tena. Upepo ulikuwa unawavumia usoni, ukaichukua sauti ukairudisha nyuma yao. Mtu aliyekaa juu ya injini inayonguruma hasikii hata mtoto wake akilia. Wakapunga makoti. Lakini ukiwa chini ziwani, watu wawili wadogo kando ya mtu wa mawe ni kama mawe mengine mawili. Kuwafuata hakukuwezekana, maana njia ya kuwafikia upesi ilikuwa moja tu, nayo ni hiyo shingo yenyewe.

"Liangushe," alisema Napatsi.

Tulugak hakusogea. "Jiwe lililosimamishwa haliangushwi. Babu alisema. Wewe mwenyewe uliniambia babu alisema."

"La babu haliangushwi. Hili hakulisimamisha babu."

"Mimi ni..."

"Wewe ni Tulugak wangu niliyekuzaa mimi kwenye hema, nikalia mpaka baba yako akakimbia nje. Umelisimamisha wewe, mwanangu. Liangushe wewe. Wanatazama huku hivi sasa! Wanamtazama yeye!"

Tulugak akaweka bega kwenye kifua cha yule mtu. Akasukuma. Alikuwa amempanga vizuri mno, kila jiwe limekaa kwenye jiwe kama jino kwenye ufizi, hakutikisika. Akarudi nyuma akamrukia kwa mwili mzima. Mkono ndio ulioanza kwenda, ukateleza polepole, ukaning'inia, ukaanguka. Kisha kichwa. Kisha kifua chote kikamwagika upande wa ziwa, mawe yakaporomoka kilimani yakirusha theluji na vumbi jeusi, na kishindo chake walikisikia tumboni. Tulugak alianguka pamoja nayo akabaki amelala juu ya miguu iliyobaki, mdomo unatoka damu.

Napatsi hakumtazama. Alikuwa anatazama lile doa. Lilikuwa limeshaacha ufuko, limeingia kwenye barafu. Likaenda, likaenda bado.

Likasimama.

Mtu mmoja akashuka. Akakaa kitambo amesimama akitazama juu kilimani, pale palipokuwa na mtu na sasa hapana. Kisha akachukua kitu kirefu kwenye sleji, mtaimbo, akaanza kutembea mbele ya pikipiki akigonga barafu. Hatua, anagonga. Hatua, anagonga. Napatsi alikuwa anasema kwa sauti, "Rudi, Joanasi, rudi baba, rudi mume wa watu." Mtaimbo ukashuka ukapitiliza mpaka mikononi mwake. Akauachia hapo hapo. Alirudi nyuma bila kugeuka, anaburuta miguu, hainui, mpaka alipofika kwenye sleji. Wakaigeuza kwa mikono, taratibu, Ulayu akisukuma na mtoto mgongoni. Na walipofika ufukweni hawakukaa. Wakashika njia ya kichwa cha ziwa.

Hapo ndipo Napatsi alipoketi. Alichukua theluji akamfuta binti yake damu mdomoni, naye alikuwa analia, mama na mtoto wote wanalia, na chini ya mawe yaliyobaki kile kisahani cha shaba kilikuwa kinang'aa, kizima.

Walikutana jioni upande wa kichwa cha ziwa, jua bado liko juu kama lilivyo kwetu majira hayo. Ulayu alimshika dada yake hakutaka kumwachia.

"Joanasi alikuwa anataka kuzunguka," alisema. "Mimi nikamwambia, unauona mkono ule? Ule ni mkono wa baba yangu, vuka! Nilimtukana hata, nikamwita mwoga. Mara namwona baba anaanguka mbele ya macho yangu. Dada, nilidhani amekufa mara ya pili."

"Aliyeitwa mwoga anaomba chai," alisema Joanasi. Akanyoosha kikombe.

Tulugak alikaa pembeni. Ulayu alipomwendea akamwita "baba", kama alivyozoea, aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nataka awe mzuri tu," alisema. "Sikufikiri anasema nini." Ulayu akamtoa mtoto mgongoni akampakata yeye.

Dolan alisikia yote. Hakudai chochote kuhusu mnara ulioanguka. Alimuuliza Tulugak wafanye nini, na Tulugak akasema wasimamishe pipa jeusi lenye bendera. Pipa halimwambii mtu kitu. Wakasimamisha mapipa kwenye vilima vyote vilivyobaki, mabaya kweli kweli, na Tulugak akawa ndiye anayeyapaka rangi.

Napatsi hakulala vizuri kwa muda mrefu. Akifumba macho aliliona lile doa linaacha ufuko. Na kilichomuuma zaidi hakikuwa mkono wa jiwe, kilikuwa ile nyama. "Kula nyama, itapoa." Alikuwa na neno mdomoni, akalimeza kwa heshima. Ninyi wenzangu mnaowaita watoto wenu baba na mama na bibi, waiteni, ni vizuri, wafu wanafurahi. Lakini mzee aliyekuja na jina alishajifunza nchi hii mara moja. Huyu aliyekuja na mwili hajajifunza, na kama hukumwambia wewe, barafu itamwambia.

Wapimaji walipomaliza kazi, Tulugak alirudi nyumbani siku ya mvua. Akaingia na viatu vyake vyenye matope mpaka katikati ya chumba, akanyoosha mkono kwenye birika.

"Karibu, baba mkwe," alisema Kautak kutoka kwenye godoro, akacheka kidogo.

"Baba," alisema Napatsi bila kugeuka kutoka jikoni, "toka na viatu hivyo kwenye sakafu yangu. Nimepiga deki sasa hivi. Huna macho?"

Kautak alitazama dari, akamtazama mkewe. "Unamgombeza baba yako?"

"Namgombeza."

"Na yeye ananyamaza?"

Tulugak alikuwa ameshainama mlangoni, anafungua kamba. "Nimesikia, binti yangu," alisema, akavivua.